Mgombea wa Kigoda

Sanduku la kura la shule ya nyumbani kwa mgombea wa kigoda lilipopinduliwa mezani, makarani walizichambua karatasi na kuzipanga kwa mafungu, kila fungu mbele ya alama ya mgombea wake. Fungu la chama kikubwa lilipanda mpaka likaanza kuteleza. La chama cha pili lilikuwa la wastani. Mbele ya kipande cha kadibodi chenye picha ya kigoda palibaki ubao mtupu wa meza. Pembeni kulikuwa na karatasi chache zilizoharibika, ambazo karani alizisukuma kando kwa kiganja kama makombo.

Mwenye kigoda alikuwa amesimama karibu nami, nyuma ya kamba. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti jeusi, vifungo vyote vimefungwa, na alikuwa amenyoosha shingo kama mtu anayemtafuta nduguye katika umati. Kisha alisema kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Bwana karani, tafadhali litikise."

Karani alilitikisa sanduku. Akalipindua tena, akalipiga kofi kwenye tako. Hakikudondoka kitu.

"Mke wangu alipiga kura katika sanduku hili," alisema. Hakumwambia karani, wala hakuniambia mimi.

Nilimjua tangu kampeni zake, na kuanzia siku ile hadi nilipohama Kisii, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, hakuwa na jambo jingine. Watu wengi wakipoteza kitu hushika kingine. Yeye alishika swali moja tu: kati ya watu wake wa nyumbani, kuna hata mmoja aliyesimama naye?

Jina lake sitalitaja, na hata nikilitaja ni wachache watakaolitambua. Kutoka Ikonge hadi Nyacheki aliitwa Mgombea. Walimwita hivyo hata watoto waliozaliwa baada ya kiti alichokigombea kufutwa.

Kiti chenyewe kilikuwa cha Seneti, katika ule uchaguzi wa kabla ya uhuru. Kilikuwa kiti kimoja kwa wilaya nzima ya Kisii, na Nyamira siku hizo ilikuwa ndani yake. Kulikuwa na chama kikubwa, ambacho kila mtu alijua kitashinda. Kulikuwa na chama cha pili, ambacho kila mtu alijua kitashindwa lakini kwa heshima. Halafu kulikuwa na chama cha tatu. Katika wilaya nzima chama hicho kilikuwa na ofisi moja, na ofisi hiyo ilikuwa baiskeli yake. Nyuma ya baiskeli alikifunga kigoda cha marehemu baba yake kwa mpira, maana kigoda ndicho kilichokuwa alama yao. "Kigoda cha miguu miwili kinaanguka," alikuwa akisema. "Ndiyo maana nchi inahitaji mguu wa tatu."

Mimi nilikuwa mtu wa upande wa ziwa, niliyekuja mjini Kisii kupeleka habari kwa gazeti moja la Kiswahili la Nairobi. Ekegusii, lugha ya huko, sikukijua mwanzoni. Lugha yetu sisi wawili ilikuwa Kiswahili, na yeye aliniita Bwana Gazeti hadi mwisho.

Kabla ya siasa alikuwa mkalimani wa korti. Hakimu akiuliza, yeye alimgeuzia shahidi kwa Ekegusii. Shahidi akijibu, yeye alilirudisha jibu kwa hakimu. Kila jibu alilianza kwa maneno yaleyale: "Shahidi anasema." Hakupunguza neno, wala hakulainisha. "Mkalimani akipunguza, mtu anafungwa," aliniambia. "Akiongeza, mtu anafungwa vilevile."

Mjini walikuwa wakisimulia habari ya bibi mmoja wa Gesima aliyeitwa kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka wa shamba. Bibi yule hakuwahi kumwona mkalimani maishani mwake. Alimtazama, akamgeukia hakimu na kusema jambo kwa sauti. Mkalimani akafunga kifungo cha koti, akasema: "Shahidi anasema: huyu mfupi anayerudia maneno yangu, kwani kwao hawampi chakula?" Korti nzima ilicheka, hata hakimu. Yeye hakucheka. Alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa akingoja swali linalofuata.

Kazi hiyo ilimwachia tabia mbili. Ya kwanza ni kwamba alizungumza kwa vipande. Alisema sentensi moja, akanyamaza, akakutazama, kana kwamba kuna mtu wa tatu anayepaswa kuimalizia. Wageni walidhani amesahau alichotaka kusema. Ya pili ni kubwa zaidi, na nilichelewa kuiona. Alijua kubeba swali la mtu mwingine lolote lile, hata la kumpeleka mtu kitanzini, bila sauti kutetemeka. Swali lake mwenyewe hakujua kulibeba.

Nilimuuliza mara moja kwa nini aligombea. Tulikuwa tumejikinga na mvua chini ya paa la duka la nguo, Kisii mjini.

"Nimebeba maneno ya watu tangu ujana," alisema. Akanyamaza, akangoja. "Ya wezi, ya wajane, ya mahakimu. Nilitaka nibebe yangu mara moja tu, nione kama yana uzito."

Lakini sheria ilimtaka mtu wa serikali aache kazi kwanza ndipo agombee. Aliacha. Nyumbani hakusema. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Kerubo, alikuwa sokoni Ikonge siku hiyo akiuza ndizi, na habari alizipata kwa mwanamke aliyeuza chumvi.

"Mama Kerubo, kumbe sasa utakuwa mke wa mkubwa! Utatukumbuka sisi wa chumvi?"

"Mkubwa gani?"

"Mume wako si ameacha korti? Anataka Nairobi."

Mama Kerubo alidhani anataniwa. Akaendelea kupanga ndizi zake. Jioni aliporudi alikuta baiskeli ukumbini, na kigoda cha baba mkwe wake kimefungwa nyuma kama mzigo wa kuni. Hakuuliza. Alipika, akampa chakula, akalala. Haya yote alinisimulia muuza chumvi mwenyewe, ambaye alikuwa jirani yao na hakukosa jambo.

Kampeni zake nilizifuata kwa sababu zilikuwa fupi na hazikuwa na mawe. Mikutano ya chama kikubwa ilikuwa na ngoma, na ya chama cha pili ilikuwa na vijana wa kupigana na vijana wa chama kikubwa. Yake ilikuwa na yeye mwenyewe. Alisema sentensi kwa Ekegusii, akangoja, kisha akaisema tena kwa Kiswahili, hata pale ambapo asiyejua Ekegusii nilikuwa mimi peke yangu.

"Tumekusikia mara ya kwanza, Mgombea!" vijana walimzomea.

"Si kwa ajili yenu," aliwajibu. "Ni kwa ajili ya hakimu." Walitazamana. Hakimu hakuwepo.

Kwa kuwa alikuwa mfupi, siku ya soko la Ikonge alikiweka kigoda chini na kupanda juu yake ili aonekane. Hapo ndipo alipoharibu mambo zaidi ya mpinzani yeyote. Kigoda cha mwenye nyumba si kiti cha mtu mwingine. Kwao mtoto hakikalii baba akiwa hai, na baba akifa hukikalia kwa adabu. Hakuna aliyewahi kuona mtu akikikanyaga kwa viatu. Mzee mmoja mwenye mkongojo alisogea mbele, akasema neno, na Mgombea, kwa mazoea, akanigeuzia palepale: "Mzee anasema: shuka, mtoto. Hicho ni kigoda cha baba yako au ni ngazi?"

Akashuka. Tangu siku hiyo alikiinua juu kwa mikono miwili wakati akihutubia, na watu wa nyuma waliona kigoda kikielea hewani kikizungumza.

Nyacheki ilikuwa mbaya zaidi, maana ndiko alikooa. Mama mkwe wake alikuja mkutanoni pamoja na wanawake wa kanisa, akaketi mbele, kwa fahari. Mila ya huko haimruhusu mtu kumkabili mama mkwe wake uso kwa uso, sembuse kumpigia kelele. Mgombea alipomwona alizunguka polepole, kigoda kikiwa juu ya kichwa, akahutubia ukuta wa ghala la pareto mwanzo hadi mwisho, mgongo wake ukiwa kwa watu. Wakwe walimsifu kwa adabu yake. Vijana wa chama kikubwa nao walipita sokoni wakisema mgombea wa chama cha tatu ameahidi ukuta barabara mpya.

Lakini kilichommaliza ni Jumamosi.

Siku ya kura ya Seneti kwetu iliangukia Jumamosi, na yeye alikuwa Msabato, kama nusu ya majirani zake. Angeweza kuwaambia kwamba kupiga kura si kazi. Wapo waliomshauri hivyo. Yeye alisema haombi kiti kwa kuvunja Sabato, na ndugu wa kanisa walimsifu, wakakubaliana wote: jua lizame kwanza, kisha washuke pamoja hadi shuleni wampigie. Karani wa kituo alikuwa amemweleza kwamba atakayekuwa mstarini kabla ya lango kufungwa atapiga kura hata kukichelewa. Kwa hiyo ingetosha wasimame tu mstarini. Walijadiliana, wakaona kwamba kusimama mstarini nako ni kazi.

Basi Jumamosi ile, baada ya ibada, walikaa kwenye kilima kinachoitazama shule. Waliimba. Chini yao mstari ulikuwa mrefu, kisha ukawa wa kadiri, kisha mfupi. Siku hiyo mvua haikunyesha, na jua lilikaa juu ya vilima vya magharibi kana kwamba limepigiliwa msumari.

"Baba," kijana mmoja wa kanisa alimwambia, "jua hili ni la chama kikubwa."

Mgombea alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikuwa mgombea ambaye hata yeye mwenyewe alikuwa bado hajajipigia kura. Hapo ndipo alipokiona kitambaa cha njano cha mkewe mstarini. Mama Kerubo alikuwa amelelewa Mkatoliki kwao Nyacheki, na ingawa aliolewa katika nyumba ya Wasabato, hakuona ubaya wa kupiga kura siku yoyote ya Mungu. Mumewe alikiona kitambaa kikisogea, kikiingia mlangoni, kikitoka upande wa pili.

"Moja," aliwaambia wenzake. "Ninayo moja."

Jua lilipozama walishuka mbio, wazee kwa vijana, Biblia kwapani. Askari alikuwa anatia kufuli.

"Mmechelewa."

"Hatujachelewa," Mgombea alisema, ameshika nondo za lango. "Jua ndilo limechelewa."

Askari alimwambia aende akalishtaki.

Hiyo ndiyo sababu, lile sanduku lilipopinduliwa na kupigwa kofi, hakutaja kanisa wala majirani. Alitaja mtu mmoja. Alikuwa amemwona kwa macho yake.

Wiki zilizofuata alianza kuuliza. Alipita nyumba kwa nyumba katika mlima wao, akivua kofia mlangoni: "Nisaidie jambo moja tu. Ulinipigia?" Na kila nyumba ilimjibu: ndiyo. Wagusii si watu wa kumwambia jirani aliyeanguka kwamba nao walimsukuma. Muuza chumvi alisema ndiyo. Mwalimu mkuu alisema ndiyo, mara mbili. Wakala wa chama kikubwa, aliyekuwa ameipaka rangi ya chama hata baiskeli yake, alimshika bega: "Omogaka, mzee wangu, kura yangu ulikuwa nayo." Hata ndugu mmoja wa kanisa aliyeshika nondo za lango pamoja naye alisema kwamba alimpigia.

"Lini?" Mgombea aliuliza. "Tulikuwa wote nje."

"Moyoni, omogaka. Nilikupigia moyoni."

Alikuja kwangu mjini baada ya mzunguko huo. Sijawahi kumwona mtu aliyechoka vile kwa kukubaliwa. "Wote wamenipigia, Bwana Gazeti," alisema. Akanyamaza. Safari hii sidhani alikuwa akingoja mkalimani. "Ningepata mmoja wa kuniambia hapana, ningempigia magoti."

"Na Mama Kerubo?" nilimuuliza.

Alitazama viatu vyake. "Yeye sijamuuliza."

Aliuliza mlima mzima, asimuulize mtu aliyelala naye chumba kimoja. Mwanzoni nilidhani ni kiburi. Baadaye nilielewa kwamba majirani wakidanganya alikuwa bado na pa kurudi. Mkewe akisema hapana, hakuna pengine.

Badala ya kuuliza alitafuta pa kujificha, na alijificha katika zile karatasi zilizoharibika. Kura ya mke wake ilikuwa miongoni mwa zile, alisema. Mama Kerubo hakuwahi kwenda shule. Siku chache kabla ya kura Mgombea alikuwa amemtandazia majivu mbele ya meko, akamchorea kwa kidole alama zote tatu, na kigoda kikiwa cha mwisho. "Aliielewa," alinieleza. "Lakini majivu si karatasi. Mkono ulimtetemeka. Alama ilitoka nje ya mstari." Alisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba nami nilianza kuuona huo mkono.

Kisha akaanza kumfundisha kusoma. Kwa nje lilikuwa jambo zuri, na majirani walimsifu. Lakini niliwahi kufika nikawakuta mezani na kitabu cha watoto, na nilimtazama yeye, si mkewe. Alikuwa akiomba akosee. Mama Kerubo hakukosea. Aliishika *a*, akaishika *ba*, mkono wake umetulia kama wa mshonaji, na kila herufi aliyoishika upesi ilimpunguzia mumewe tumaini. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akisoma zaburi kwa sauti. Mgombea alikifunga kitabu kile, akakiweka juu ya kabati, na hakuzungumza tena habari ya mkono kutetemeka.

Korti haikumrudisha. Nafasi yake ilikuwa imejazwa na kijana mwenye viatu vizuri na Kiingereza cha haraka. Kila Jumatatu Mgombea alivaa koti lake jeusi, akapanda baiskeli hadi mjini, akaketi kwenye benchi la nyuma la wananchi. Nilimwona mara nyingi, midomo ikicheza, akitafsiri bila sauti. Siku moja mjane mmoja wa Nyamira alieleza kwa kirefu, kwa machozi, jinsi mpaka wa shamba lake ulivyosogezwa mumewe akiwa bado hajazikwa. Kijana akasema: "Anasema shamba ni lake." Mgombea aliruka juu.

"Mheshimiwa, amepunguza! Amepunguza, mheshimiwa!"

Askari wawili walimtoa nje wakimshika makwapa. Mjane alishindwa ile kesi. Tangu siku hiyo Mgombea hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha korti, na Jumatatu zake alizimaliza nje, karibu na dirisha, akitega sikio.

Wakati huohuo mambo aliyoyagombea yaliondoka moja baada ya jingine. Viongozi wa chama chake waliingia chama kikubwa hata kabla ya vidonda vya uchaguzi kukauka, na hakuna aliyemletea habari. Alisoma katika gazeti langu. Miaka michache ya uhuru ikapita, Seneti yenyewe ikavunjwa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia, kwa kuhofia asije akaisikia sokoni kama mkewe alivyosikia ya kwake. Alikuwa akipanda miche ya chai kwenye mteremko uliokuwa wa pareto. Alisikiliza, akashindilia udongo kwenye mche kwa vidole.

"Basi hata yule aliyenishinda hana kitu," alisema. Nilidhani atafurahi kidogo. Aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu aliyepotezewa shahidi wake wa mwisho.

Nitasimulia jambo moja zaidi la miaka hiyo, maana bila hilo mtu hatamjua. D.O. mgeni, mkuu wa tarafa asiyejua Ekegusii, aliitisha baraza Gesima kuzungumzia uchumaji wa chai. Karani wake alikuwa mgonjwa, na chifu akamwita Mgombea asaidie kutafsiri. Alikuja na koti. Alitafsiri habari ya majani mawili na chipukizi, habari ya vikapu safi, yote kwa ukamilifu. Mwishoni D.O. alitaka kuchekesha watu. Alikuwa amesimuliwa mambo, ila hakujua yamhusu nani.

"Nasikia mna mzee hapa ambaye bado anaishi katika uchaguzi wa zamani," alisema. "Mwambieni chama chake kilikufa, kiti chake kilikufa, na asipojihadhari akili yake itafuata."

Chifu aliangalia chini. Mgombea alifunga kifungo cha juu cha koti lake, akawageukia majirani zake, na akaitafsiri sentensi ile yote kwa Ekegusii, bila kupunguza neno. Hapakuwa na aliyecheka. Kuku alipita katikati ya baraza. Kisha akamgeukia D.O. na kuinamisha kichwa.

"Nimekamilisha, bwana. Endelea."

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mchana wenye mawingu, nilipokwenda kumuaga. Gazeti lilikuwa limenihamisha. Nilimkuta uani, ameketi juu ya kile kigoda cha baba yake, amekonda, kifua kikipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Chini yetu, katika chai, kitambaa cha njano kilichochakaa kilikuwa kikisogea safu kwa safu.

Tulizungumza habari za safari yangu. Hakuzisikia. Mwishowe aliniwekea mkono gotini.

"Bwana Gazeti, wewe umewauliza watu wakubwa maswali. Niulizie moja."

"Kwa nani, Mzee?"

Alielekeza kidevu kwenye chai.

"Mzee, hayo ni mambo ya nyumbani kwako," nilisema.

"Nimejaribu." Alivuta pumzi. "Kila nikifungua mdomo inatoka habari ya ng'ombe. Wewe uliza kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri. Kuuliza siwezi, lakini kutafsiri naweza." Na aliponiona nasita: "Daktari ameniambia kifua hiki hakitanipeleka mbali. Usiniache nife kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno."

Akamwita mkewe. Mama Kerubo alipanda taratibu, kikapu cha majani mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Mgombea alisimama. Alifunga vifungo vya koti vyote, vidole vikihangaika, kisha akajiweka si upande wangu wala upande wa mkewe, bali katikati, hatua moja pembeni, pale ambapo mkalimani husimama. Akamwambia kwamba mgeni ana swali.

Nilitamani niwe mahali pengine popote. "Mama Kerubo," nilisema, "siku ile ya kura ya Seneti, ulimpigia nani?"

Alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ile ya kortini, imara, bila rangi. Mama Kerubo hakumtazama. Alinitazama mimi, akateremsha kikapu, akasema neno moja.

"Shahidi anauliza: bado?"

"Bado, Mama," nilisema, naye akalitafsiri hilo pia.

Mama Kerubo alifuta mikono kwenye leso yake. Wakati huo Ekegusii nilikuwa nimekwisha kukisikia vya kutosha, na kila alichosema nilikielewa kabla hakijageuzwa. Niliacha kigeuzwe.

"Shahidi anasema: sikumpigia mume wangu."

Kifua chake kilipiga filimbi. Alingoja.

"Shahidi anasema: sikukosea. Majivu niliyaelewa mara ya kwanza. Kigoda kilikuwa cha mwisho, nilikiona, nikakiacha."

Alingoja tena, kichwa kimeinama.

"Shahidi anasema: aliacha kazi bila kuniambia, nikaisikia sokoni kwa muuza chumvi. Nikasema moyoni, akishindwa atarudi kortini, na nyumba itasimama. Nilipiga kura ili arudi kortini."

Nilidhani Mama Kerubo amemaliza, lakini aliongeza jambo, kwa sauti ya chini zaidi, akiitazama chai.

"Shahidi anasema," Mgombea alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpotea, akaitafuta, akaipata. "Shahidi anasema: hata mimi nilishindwa."

Sikuwa na swali jingine. Upepo wa mvua ulianza kugeuza majani ya migomba. Mgombea alibaki vile katikati yetu, mikono ubavuni, kama mtu anayengoja hakimu ainuke. Kisha aliiacha ile nafasi ya mkalimani, akapiga hatua moja, akamkabili mkewe. Akamuuliza kwa Ekegusii, swali fupi, lake mwenyewe: kwa nini miaka yote hii hakumwambia?

Mama Kerubo alijibu bila hasira, akifunga upya kamba ya kikapu. Alisema kwamba hakuulizwa.

Mgombea alinigeukia. Alifungua mdomo, nami niliyaona yale maneno mawili ya mwanzo yakija hadi kwenye midomo. Akaufunga. Aliyekuwa ametafsiri hata tusi alilotukanwa mwenyewe mbele ya baraza, hilo hakulitafsiri.

Aliinama, akajitwisha kikapu, kamba kwenye paji la uso, kabla mkewe hajakiwahi. Mama Kerubo alimkemea, naye hakusikia. Wakateremka kuelekea kituo cha chai kabla mvua haijafika, yeye mbele akihema, na mkewe nyuma yake amekishika kigoda, ili mumewe apate pa kupumzikia njiani.